Kabla hujanunua jenereta la gesi, pima mzigo wako

Mgao wa umeme wa 2011 ulitutesa wengi. Kiwanda nilichokuwa nasimamia mitambo, Barabara ya Nyerere, kikanunua jenereta la gesi asilia la kilowati 1,000, wakati mzigo wetu, yaani umeme tunaoutumia kwa wakati mmoja, haukuzidi 300. "Tutakua," bosi alisema. Hatukukua.

Mwenyewe niliona sawa tu. Gesi ya Songo Songo inafika Dar kwa bomba tangu 2004, haina moshi mweusi, nikajua habari ya hewa ukaa tumeachana nayo. Ni kweli inachafua kidogo kuliko dizeli. Lakini mita moja ya ujazo ikiungua hutoa karibu kilo 1.9 za hewa ukaa, iwe ndani ya mitambo mikubwa ya Ubungo na Kinyerezi au kwenye banda lako nyuma ya stoo. Namba hiyo hupunguzi. Cha kuhangaikia ni umevuna uniti ngapi kwenye mita hiyo.

Mimi nilianza na daftari la shilingi mia chache. Kila zamu, andika mita ya gesi na mita ya umeme, basi. Injini iliyobeba mzigo wa kutosha hutoa uniti karibu 4 kwa kila mita ya ujazo. Yetu ilitoa 3 kasoro. Yaani wenye mzigo mzuri wanatoa chini ya nusu kilo ya hewa ukaa kwa uniti, sisi zaidi ya gramu 630, na bili juu.

Daftari lenyewe lilinificha jambo moja. Nilihesabu kana kwamba gesi yote inaungua, kumbe injini ikizunguka na mzigo mdogo, methani nyingine, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, hutoka mbichi kwenye ekzosi. Methani hushika joto karibu mara 28 ya hewa ukaa kwa uzito ule ule, ukihesabu miaka 100. Kwenye viungio vya bomba povu la sabuni linakuonyesha panapovuja. Kwenye ekzosi, sabuni haisaidii.

Mwisho tuliliuza kwa hasara, tukachukua dogo la 400. Joto la ekzosi tukalielekeza kuchemsha maji ya kuoshea, boila ikapumzika mchana.

Muuzaji akikuletea jedwali la matumizi ya gesi kwa mzigo wa asilimia 100, mwombe na la asilimia 50, na la 30. Wa kwetu alikohoa, akaomba maji ya kunywa.