Fumito Ueda alianza kama msanii

Umeuliza kama aliyeongoza utengenezaji wa gemu ya video ya Ico alikuwa mtaalamu wa kompyuta tangu mwanzo. Hapana, Fumito Ueda alisomea sanaa, akahitimu Chuo Kikuu cha Sanaa cha Osaka mwaka 1993. Kazi ya gemu aliianzia kampuni ya Warp, akichora mwendo wa wahusika wa Enemy Zero, kisha 1997 akahamia Sony.

Ico ilitoka 2001, na hata picha ya jalada la toleo la Japani aliichora mwenyewe, akifuata mtindo wa mchoraji wa Italia, Giorgio de Chirico. Ukitaka kumwelewa, shika padi ucheze dakika kumi tu. Unabana kitufe cha R1 kumshika mkono Yorda, msichana unayemwongoza. Ukikiachia kitufe, umemwachia na yeye. Kidole chako ndicho kinachobeba mapenzi yote ya gemu ile! Mambo mengine aliyapunguza makusudi.

Shadow of the Colossus ikafuata 2005: majitu 16, na nyika tupu katikati yake. Aliondoka Sony 2011, baadaye akaanzisha studio ya genDesign, na gemu yake ya tatu, The Last Guardian, ikakamilika 2016. Anza na Ico, ndugu yangu.