Makufuli manne mlangoni: kinachofanya bango la filamu limsimamishe mpita njia

Ndugu aliyeanzisha uzi huu ametueleza kwamba amekamilisha filamu yake ya kwanza, habari za mvuvi wa Bagamoyo na mwanawe asiyeitaka bahari, akatuwekea rasimu ya bango lenye sura za waigizaji sita, ngalawa, jua linalozama na jina la filamu kwa herufi za njano zenye kivuli na mng'ao, kisha akauliza kwa nini kila anayemwonyesha husema "zuri" na kuishia hapo. Nimetengeneza kava na mabango ya filamu Dar es Salaam kwa miaka 15, tangu enzi za DVD za Kariakoo hadi sasa ambapo watu wengi hutazama filamu kwenye simu, na swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nimeshuhudia filamu njema zikikaa rafuni hadi plastiki yake ikapauka. Wapo watakaokwambia kwamba chema chajiuza. Lakini mnunuzi wa filamu hawezi kuionja kwanza kama anavyoonja kipande cha nanasi kwenye toroli. Alicho nacho mbele yake ni bango tu.

Katika rasimu yako ufundi umo, na picha ni safi. Kinachokosekana ni uamuzi. Sura sita zimepewa ukubwa unaolingana, ngalawa imebanwa katikati yao, jua linashindana na jina la filamu kwa rangi ileile ya njano, na jicho likifika hapo halijui lianzie wapi, hivyo linapitia kila kitu kidogo kidogo na kuondoka bila kubeba chochote. Neno "zuri" ndilo mtu hulitoa anapokuwa hana la kukumbuka.

Nalisema hilo kwa sababu nami nilipita hapohapo. Mwaka 2010 nililetewa filamu ya mgogoro wa mirathi: mzee amefariki, na watoto wake wanne wanagombea nyumba ya Magomeni. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na sura za waigizaji tisa, gari, moto nyuma yao, na bastola ambayo haikuwamo popote katika hadithi, ila mtayarishaji aliitaka kwa kuwa kava za wenzake zilikuwa nayo. Niliitazama usiku kucha nikashindwa kuipenda. Nikaomba siku mbili nikausoma mswada wote upya, na ndani yake nikakuta mstari mmoja tu uliosema kwamba kila mtoto aliweka kufuli lake mlangoni ili wenzake wasiingie.

Nikaazima mlango wa mbao wa jirani, wa kijani kilichobanduka, tukaongeza makomeo, nikanunua makufuli matatu mapya na kutafuta la nne lenye kutu. Nilipiga picha saa 11 jioni, jua likipita ubavuni mwa mlango, kiasi kwamba kila kufuli lilitupa kivuli chake kirefu juu ya ubao. Kizingitini niliweka makubadhi ya mzee, jozi moja iliyochakaa visigino, yakiwa yameelekea ndani. Sura ya mtu haikuwamo hata moja. Jina la filamu lilikaa juu ya makufuli, kwa weupe uleule wa chokaa ya ukutani.

Mtayarishaji alikasirika, na hasira yake niliielewa, kwa maana fedha iliyokuwa hatarini ni yake. Tulikubaliana majina ya waigizaji wakuu yapande juu kwa herufi kubwa na sura zao ziende nyuma ya kava. Siku kava lilipofika dukani, nilikaa kwenye baraza la mkabala nikitazama. Mama mmoja alisimama, akayahesabu makufuli kwa kidole, kisha akamuuliza muuzaji: "Hawa wanne wamefungiana nini?" Hilo ndilo swali nililotaka liulizwe, na aliyeliuliza aliondoka na nakala mkononi.

Bango linalofanya kazi humwachia mtazamaji swali moja ambalo jibu lake limo ndani ya filamu. Tazama bango la Jaws la mwaka 1975, mchoro wa Roger Kastel ambao kwanza aliuchora kwa ajili ya jalada la riwaya iliyozaa filamu hiyo. Juu kuna jina kwa herufi nyekundu. Chini yake mwanamke anaogelea juu ya maji. Chini yake tena papa anapanda wima, mdomo wazi, mkubwa kupita kiasi. Sisi tunamwona papa, muogeleaji hamwoni, na hofu yote inatoka katika pengo hilo kati ya tunachokijua sisi na asichokijua yeye. Ndani ya filamu kuna mkuu wa polisi, kuna boti, kuna ufukwe uliojaa watu, lakini katika bango hakuna hata kimoja cha hivyo. Miaka 20 kabla yake, mwaka 1955, msanifu wa michoro Saul Bass aliitangaza The Man with the Golden Arm, filamu ya mtu aliyetekwa na dawa za kulevya, kwa mkono mmoja mweusi uliopindika, ukiwa na kingo kama za karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Nyota alikuwa Frank Sinatra, na sura yake ilitiwa kwenye kisanduku. Mkono ndio ulioshika kati.

Wala hatuhitaji kwenda mbali kujifunza mpangilio. Khanga ina pindo, ina mji, yaani sehemu yake ya kati, na ina jina. Pindo hulizuia jicho lisitoke nje, mji hubeba ruwaza yenye nguvu kuliko vyote, na jina ni sentensi moja iliyofupishwa hadi haiwezi kupunguzwa neno. Mwanamke aliyejifunga khanga husomwa na watu kwa mbali, tena akiwa anatembea, na bango husomwa vivyo hivyo, isipokuwa kwamba hapa anayetembea ni msomaji, au amekaa dirishani mwa daladala inayokimbia. Ninapokwama hujiuliza mji wa bango hili ni nini, na jina lake ni lipi. Nikikuta miji mitatu, nafuta miwili.

Sisemi sura za waigizaji ziondolewe. Ipo filamu ambayo ahadi yake ni mwigizaji mwenyewe: enzi za marehemu Steven Kanumba, wateja waliingia dukani wakiomba "ya Kanumba" bila hata kutaja jina la filamu, na kumficha mtu kama huyo nyuma ya kava kungekuwa kosa. Hata hivyo, sura moja inayofanya jambo ina nguvu kuliko sura sita zinazotazama kamera. Waigizaji wako, ndugu yangu, bado hawajulikani, kwa hiyo sura zao hazijabeba ahadi yoyote kwa mgeni anayeziona kwa mara ya kwanza.

Kuhusu herufi nina neno ambalo halisemwi vya kutosha. Maneno ya Kiswahili yamejaa irabu, hasa A, na A kubwa ni herufi yenye mabega yaliyolala, hivyo ukiandika neno kama LAANA kwa herufi kubwa na kuiachia kompyuta nafasi zake, unapata shimo kati ya L na A, na jingine juu kati ya A mbili, halafu N na A zinaonekana kubanana. Sogeza herufi moja moja kwa mkono hadi uwazi uonekane kulingana machoni, hata kama vipimo havilingani. Ukimaliza kazi hiyo utaona kwamba kivuli na mng'ao havikuhitajika. Vilikuwa vinaficha mpangilio mbovu. Na jina la Kiswahili libaki kubwa, tafsiri ya Kiingereza ikiwa lazima ikae chini, ndogo.

Uchapaji nao una mitego yake. Niliwahi kutengeneza bango lenye anga jekundu kali, nikalifanyia kazi mwanzo hadi mwisho katika rangi za kioo cha kompyuta, zile RGB, nikalipeleka kwenye kiwanda kimoja cha uchapaji bila kuomba sampuli, na nakala 500 zikatoka na anga la rangi ya tofali. Wino nne za mashine, yaani samawati, majenta, njano na nyeusi, haziwezi kutoa kila rangi inayowaka kwenye kioo, kwa hiyo badilisha faili kuwa CMYK, yaani mfumo wa wino hizo nne, mapema ili uone kitakachopotea. Weusi mpana wa wino mweusi peke yake hutoka kama majivu. Uongezee samawati na majenta kidogo. Maandishi membamba meupe juu ya weusi huo mchanganyiko usiyathubutu, kwani wino zikihama hata unywele mmoja herufi zinaziba. Acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu cha kukatia karatasi, na picha iwe na nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wa kuchapwa.

Kisha kuna simu, ambako bango lako litaonwa zaidi kuliko ukutani. Huko linakuwa kama ukucha wa kidole gumba. Lipunguze hadi liwe na urefu wa sentimita 3 ulitazame. Kilichobaki kuonekana ndicho bango lako la kweli. Makufuli yale manne yalibaki. Kwa YouTube utahitaji toleo la mlalo, na hilo lipangwe upya tangu mwanzo, kwa sababu ukilikata tu bango la wima, ama jina au picha itakatwa shingo. Jaribio jingine ninalofanya kila mara ni kulitundika, kuvuka barabara, na kumwomba mtu asiyeijua filamu alitazame kwa sekunde 3, ageuke, aniambie filamu inahusu nini. Akiniuliza swali badala ya kunijibu, nafurahi zaidi.

Sasa nirudi kwako. Katika maelezo yako umetaja kwa kupita tu kwamba kijana huyo hufunga viatu vyake vya shule kwa kamba kwenye mlingoti wa ngalawa ya baba yake ili visilowe. Ningekuwa mimi, ningerudi Bagamoyo alfajiri moja, kabla jua halijawa kali, nikapiga picha ya mlingoti huo na viatu vyeusi vinavyoning'inia, tanga likiwa limekunjwa, bahari ikiwa nyembamba kabisa chini, na anga tupu lote lililobaki nikaliacha kwa ajili ya jina. Uiweke hapa tuione, kwanza ikiwa na urefu wa sentimita 3.