Kufyeka vichaka kuzuia moto: kweli inahitaji tathmini ya mazingira?

SWALI: Habari za kazi mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa wetu, tumepakana na kilima chenye vichaka vizito na miti, na kila kiangazi moto unazidi kusogea watu wana hofu. Tumepata hela ya kufyeka mkanda wa kuzuia moto, upana mita 60 na urefu kama kilomita 4 kufuata mgongo wa kilima. Mkandarasi anataka kuingiza mashine ya kusaga vichaka asafishe vyote kabla ya kiangazi. Sasa jirani mmoja kasema lazima kwanza ifanyike tathmini ya athari kwa mazingira, mkandarasi anasema kufyeka sio ujenzi, na kama tunaogopa basi tuigawe kazi vipande vinane, kila kipande kitakuwa kidogo hakuna atakayeuliza. Je hiyo tathmini inatuhusu kweli? Wanaangalia nini hasa? Hatari ya moto wenyewe inahesabiwa au ni ndege na maua tu? Na wakati tunasubiri tukae tumekunja mikono?

JIBU: Salama kabisa ndugu katibu, na poleni kwa hiyo hofu, moto ukishazoea kuja kila kiangazi watu hawalali, kwahiyo naelewa kwa nini mnataka kazi iishe mapema.

Naanza na hilo la vipande vinane maana ndo litakalowaponza. Msikubali. Sehemu nyingi zenye sheria ya mazingira, kuikata kazi moja vipande vidogo ili kila kimoja kipite chini ya kiwango kinachodai tathmini ni kosa lenyewe, mkaguzi haangalii kipande anaangalia mradi, na hela ikiwa moja, mkandarasi mmoja, lengo moja na mgongo wa kilima mmoja basi mradi ni mmoja. Na hata tukiiacha sheria pembeni, athari zenyewe hazigawanyiki. Mita 500 za udongo mtupu pengine mvua itapita tu, lakini kilomita 4 za udongo mtupu kwenye mgongo mmoja maji yake yote yanashukia makorongo yaleyale na tope linaishia kwenye mto uleule. Alafu mtu akija kushtaki katikati ya kazi, mnasimamishwa mashine zikiwa saiti na nusu ya kilima imelazwa chini inakauka, hapo mtakuwa na hatari kubwa kuliko mliyoanza nayo.

Kuhusu kama inawahusu, ujenzi sio kigezo. Vigezo vya kawaida ni nani mwenye ardhi, nani katoa hela na nani anatoa kibali, na ardhi ikiwa ya umma au hela ikiwa ya serikali mara nyingi mlango wa tathmini unafunguka hata kama kazi yote ni ya panga na mikono. Ila tathmini sio lazima iwe lile likitabu la kurasa mia tano linalotisha watu. Kwanza kuna uchujaji, unapeleka ramani na maelezo ya kazi, mamlaka inaamua kama kazi ni ndogo ipite na masharti, au ichambuliwe kidogo, au ichambuliwe kwa kina. Na ulizeni kama kuna tathmini ya eneo lote ambayo ilishafanyika, maana inaokoa muda sana. California mwishoni mwa 2019 bodi yao ya misitu na moto ilipitisha tathmini moja kubwa kwa jimbo zima, wakilenga kushughulikia kama ekari 250,000 kwa mwaka, na mwenye mradi sasa haanzi upya, anaandika uchambuzi wa eneo lake tu kuonyesha kwamba kazi yake imo ndani ya yale yaliyokwishapimwa na kwamba atafuata masharti yake. Kwenu kama kuna kitu cha namna hiyo, mnaokoa miezi.

Sasa moto wenyewe. Ndiyo unahesabiwa, na usipohesabiwa basi tathmini hiyo ina kasoro. Tathmini ya maana inalinganisha njia kadhaa za kufanya kazi, na mojawapo ni ile ya kutofanya kitu kabisa, na hapo lazima iandikwe vichaka vikiachwa vilivyo kitatokea nini, moto utakuja na ukali gani, moshi utaenda kwa nani, udongo utakuwaje mvua ya kwanza ikipiga majivu. Marekani sheria yao kuu ya mazingira ilianza 1970, na ilipofanyiwa marekebisho 2023 wakaandika wazi ndani ya sheria kwamba hata madhara ya kutofanya kitu yachambuliwe. Kwahiyo wewe na jirani yako wala hampingani. Ila huo ni msumeno, unakata mbele na nyuma: mkidai kazi yenu ina faida ya kupunguza moto, mnatakiwa muonyeshe kwamba utapungua kweli.

Na hapo ndo nina wasiwasi na huyo mkandarasi kuliko kitu kingine chochote. Kusafisha vyote sio sawa na kupunguza moto. Nenda pale kilimani ukae na kichaka kimoja ukiangalie kwa karibu. Moto hauanzii kwenye shina, unaanzia kwenye nyasi, majani makavu na vijiti vyembamba kuliko penseli, hivi vya chini ya milimita 6 watu wa moto wanavihesabu kwamba vinafuata hali ya hewa ndani ya saa moja hivi, yaani asubuhi vina umande na mchana vimekauka vinasubiri cheche. Tawi la sentimita 2 linachukua kama saa 10, gogo nene linachukua siku nyingi mpaka wiki kadhaa. Sasa mashine ikipita ikasaga kila kitu, hakuna kilichotoka kilimani, mmekitoa tu juu mkakilaza chini kikiwa kimekatwakatwa, na jua lililokuwa linazuiwa na matawi linafika ardhini, upepo nao unapita bila kizuizi. Msimu mmoja wa mvua nyasi zinajaa mkanda mzima, zinakauka mapema kuliko vichaka vilivyokuwepo na zinawaka kwa cheche ndogo tu ya gari lililopita.

Kusini mwa California wameliona hili kwenye vichaka vyao vinavyoitwa chaparral. Baadhi ya vichaka vile vinarudi kwa mbegu tu, vikiungua au kufyekwa tena kabla havijakomaa na kumwaga mbegu za kutosha basi ndo mwisho wake, nafasi inachukuliwa na nyasi za kigeni, nyasi zinaleta moto wa mara kwa mara na kila moto unazipa nyasi nafasi zaidi. Kukirudisha kichaka hapo ni miaka mingi na mara nyingi haiwezekani. Ndo maana mtu wa mazingira akiuliza habari za mimea vamizi asionekane anachelewesha kazi ya kuzuia moto, swali lake linahusu moto moja kwa moja.

Yale mabaki ya mashine nayo yakiwa mazito, miali yake inaweza kuwa mifupi lakini yanafukuta muda mrefu, joto linazama kwenye udongo linaua mizizi na mbegu. Mi huwa naomba iandikwe kwenye mkataba yasizidi sentimita 7 popote na yasirundikwe kwenye shina la mti wowote unaobaki. Na kweli miti ibaki. Iacheni miti mikubwa na kivuli chake, mpogoe matawi ya chini yanayopandisha moto kutoka kwenye nyasi mpaka kileleni mwa mti, mtoe vichaka vilivyo chini ya miti, vingine mviache kwa mafungu yaliyoachana. Mkanda wenye kivuli hauoti nyasi haraka, na matunzo yake ni rahisi zaidi.

Jambo lingine, mkanda hauzuii moto peke yake. Upepo ukiwa mkali cheche zinaruka zaidi ya kilomita moja, mita 60 si kitu. Tafiti za kwenye misitu ya taifa kusini mwa California zilionyesha mikanda iliyofanya kazi ni ile ambayo zimamoto waliweza kuifikia na kuitumia kupigania moto. Kwahiyo kabla ya kuchora hiyo kilomita 4 kaeni na watu wa zimamoto muwaulize wataingilia wapi, gari litageuzia wapi, maji yako wapi, huenda wakawaambia kilomita moja na nusu ya upande mmoja ndo wanayoihitaji na huko kwingine hawatakwenda kabisa. Hiyo ni njia mbadala ya mradi, iandikeni kwenye tathmini, mara nyingi inapunguza athari na gharama kwa pamoja.

Mengine wanayoangalia nitayapitia haraka. Ndege: msimu wa kuzaliana mashine zikae, au mtu anayejua ndege atangulie mbele ya mashine na akikuta kiota azungushie utepe, hapo haipiti kitu mpaka makinda yaruke. Mteremko: penye mwinuko mkali mashine haiendi, ni mikono, na udongo ukiwa umelowa hakuna tairi linaloingia popote. Mito na chemchemi zinaachiwa ukanda wake, na dawa za kuua magugu zisikaribie huko. Mambo ya kale na makaburi, hapo muulizeni wazee wa eneo mapema kabla hamjachora mstari, maana buldoza likishapita kwenye kaburi hakuna hatua ya kurekebisha. Mkitumia mbuzi kula vichaka, walishwe kwanza mahali safi siku chache wasije na mbegu za magugu tumboni. Na mashine zioshwe zikitoka saiti nyingine, tope linabeba mbegu na magonjwa, kuna kimelea kinachoitwa Phytophthora ramorum kimeua mialoni na miti jamaa yake mingi sana California na Oregon na njia zake mojawapo ni tope la kwenye buti na matairi.

Kuna kimoja sitakipitia haraka, nacho ni kuchoma marundo. Mkandarasi hajakisema lakini kikija msikichukulie kirahisi. Jimbo la New Mexico, hukohuko Marekani, mwaka 2022 watu wa misitu walichoma marundo ya matawi mwezi Januari, yakafukuta chini kwa chini, theluji ikaanguka juu yake zaidi ya mara moja, kila mtu akajua yamezima. Aprili upepo ukaja yakaibuka, yakaungana na moto mwingine ambao nao ulianza kama uchomaji wa mpango ukawaponyoka, na kwa pamoja ukala zaidi ya ekari 340,000 na mamia ya nyumba, ukawa moto mkubwa kuliko wote katika historia ya jimbo hilo. Na kazi ile ilikuwa ya kupunguza hatari ya moto, hilohilo mnalolitaka ninyi. Kwahiyo kama kuna kuchoma, mpango uandikwe nani anarudi kupapasa majivu kwa mkono, baada ya siku ngapi, na anarudi tena lini kabla ya msimu wa upepo, jina la mwenye jukumu liwepo.

Mikono msikunje. Wakati tathmini inaendelea anzeni kwenye nyumba zenyewe, kazi hiyo kwa kawaida haihitaji mlolongo wowote na kwa maoni yangu ndo inayookoa nyumba nyingi zaidi. Nyumba nyingi zinawashwa na cheche, ukuta wa moto wenyewe haujafika. Mita 1.5 za kwanza kuzunguka nyumba kusiwe na kitu cha kuungua kabisa, majani kwenye mifereji ya paa yatolewe, matundu ya hewa yawekwe wavu mdogo, kuni zihamishwe, kisha msogee nje taratibu mpaka mita 30 hivi mkipunguza na kupogoa. Nyumba iliyo juu ya mteremko iongezewe umbali, maana moto ukipanda mlima mwendo wake unakaribia kuwa mara mbili kwa kila nyuzi 10 za mwinuko.

Na mtu wa mimea aitwe sasa hivi, sio mwezi ujao. Mimea mingi adimu inatambulika ikiwa na maua tu, ukikosa dirisha hilo unasubiri mwaka mzima na hakuna wa kulaumiwa. Nimeona kazi nyingi zikilaumu "urasimu wa mazingira" kumbe hakuna aliyepanda kilimani mwezi ule mimea ilipochanua.

Mwisho, muulizeni mkandarasi mwaka wa tatu na wa tano nani anarudi kufyeka. Kama hela yenu inatosha kufyeka kilomita 4 mara moja tu, mi ningefyeka 2 zile zimamoto walizozichagua na nusu ya hela ibaki benki kwa ajili ya kurudia. Na hayo matunzo muyaandike humohumo kwenye tathmini ya sasa, aina ya kazi, msimu na kila baada ya muda gani, maana mkiyasahau mtaanza kuomba kibali upya wakati nyasi zimeshafika kiunoni.