Maswali yenu: Msiionee kristali

Fundi, nimeweka kristali ya megahezi 16, ile ya kuipa chipu mapigo ya saa, kwenye chipu mpya ya ATmega328P. Taa niliyoiambia iwake sekunde moja inawaka sekunde 16. Kristali feki? (Kisauni)

Si feki, wala chipu haijaiona bado. ATmega mpya kutoka kiwandani hutumia saa yake ya ndani ya megahezi 8, tena ikiigawa kwa 8. Basi yako inakwenda kwa megahezi 1 huku programu ikidhani ni 16. Badilisha fyuzi ya chini (si ya umeme, ni mpangilio ulioandikwa ndani ya chipu), kutoka 0x62 iwe 0xFF. Ya juu iache ilivyo, mna biti humo ya kuzima riseti, na ukiikosea hutaweza tena kupakia programu kwa njia ya kawaida. Na ukishaamuru kristali ya nje, hakikisha ipo kwenye pini 9 na 10. Bila hiyo chipu itanyamaza kama imekufa. Mnazitupa jaani ilhali ni nzima.

Nimepima miguu ya kristali kwa mita, naona volti mbili na kitu, hazichezi. Imekufa? (Changamwe)

Mita ya mkononi haioni megahezi 16. Weka chini.

Sakiti yangu haianzi mpaka niguse mguu wa kristali kwa kidole. Nikitoa kidole, mara inaendelea, mara inazima. Nishabadilisha kristali mbili. (Likoni)

Mbili! Na kapasita mbili za kando yake je, umezitazama? Kidole chako kinafanya kazi ya kapasita hapo, ndiyo maana inaamka.

Juzi kijana kaniletea ubao wenye ugonjwa wa namna hii, naye kristali ya tatu hiyo. Nikachukua lenzi: kapasita zimeandikwa 223. Duka lilimwuzia "ishirini na mbili", naye hakusoma ile tatu. 22 au 220 ni pikofaradi 22, lakini 223 ni pikofaradi 22,000. Hapo hakuna kristali itakayopiga.

Hesabu ni nyepesi. Karatasi ya kristali ikisema inataka pikofaradi 18, toa kama 5 za ubao na waya, zabaki 13, zidisha kwa mbili: 26. Tia 22 au 27. Ziweke ubavuni mwa pini, zishuke ardhini hapo hapo. Wengine mnavuta waya kwenye bredibodi (ubao wa kuchomeka bila kulehemu) kama kamba ya kuanikia nguo, kisha mnamlaumu Mchina.

Na hapa kwetu pwani kuna jambo jingine ambalo hukuuliza. Ile flaksi, dawa ya kulehemea, inayobaki baada ya kulehemu huvuta unyevu, na hewa yetu ina chumvi. Sakiti inafanya kazi vizuri Januari, masika yakiingia inagoma. Chukua spiriti na mswaki mkuukuu, sugua kati ya pini, acha ikauke kabisa. Nimefufua bao nyingi kwa mswaki kuliko kwa vipuri vipya.

Saa yangu ya chipu ya DS1307 inachelewa. Nimeifungia kapasita mbili za 22 kama ulivyofundisha. (Tudor)

Sikufundisha hivyo kwa DS1307! Ina kapasita zake ndani, nayo hutaka kristali ya pikofaradi 12.5. Zitoe. Baada ya hapo ikipotea sekunde 50 kwa mwezi usiniandikie, kristali ya kawaida hupotoka sehemu 20 kwa milioni, ndivyo ilivyo.

Kristali ya megahezi ngapi ni bora kwa taa ya uani inayojiwasha magharibi? (Bamburi)

Ya nini? Jua likichwa halikuulizi sekunde. Tumia saa ya ndani, na pini mbili zitakubakia za kazi nyingine. Ila ukitaka chipu izungumze na kompyuta kwa siriali, yaani biti moja moja kwa waya, hapo funga kristali, kwa sababu saa ya ndani yaweza kupotoka hata asilimia 10 na utapokea herufi za ajabu ajabu. Kisha utaniandikia kwamba kebo ni mbovu.