Usimlishe lumbwi mende wa karoni, nakuomba

Yakhe, hiyo ndoo iweke chini kwanza. Nimekusoma: panzi hawamtoshi lumbwi wako (kinyonga kwa wa bara), kwa hiyo kila usiku unafunua karo la nyuma ya nyumba kwa tochi, mende "wanakamatika kirahisi tu", na sasa wataka kujua ndoo iwe kubwa kiasi gani, mende wale nini, lumbwi apewe wangapi kwa siku, na dume utamjuaje na jike. Hayo yatafuata nafasi ikiwepo. Mimi hilo "kirahisi" ndilo lililoniachisha chai.

Lini mende mzima wa karoni amekubali kukamatwa? Yule mwekundu mkubwa mwenye mbawa ana vijipembe viwili mwishoni mwa tumbo, vimejaa vinyweleo vinavyohisi hata upepo wa mkono unaokuja. Hujashusha kandambili, keshaingia ufani. Anayezubaa mbele ya tochi, anayezunguka akitetemeka miguu, anayelala chali na kupapatika, huyo hajawa mpole. Huyo kapata dawa, yuko njiani kufa, na wewe unamchukua huyohuyo kwa kuwa ndiye unayemuweza. Kila usiku unawachambua mende wa mtaa mzima, unampelekea lumbwi wenye sumu peke yao.

Najua utaniambia nyumbani kwenu hampulizi dawa. Na mimi nilisema hivyohivyo, tena kwa kiburi. Haya, na jirani je? Mende anapita mabombani, anaingia nyumba yoyote aitakayo. Mwenye duka la kona amechora chaki ya mende chini ya rafu zake. Bibi wa ghorofa ya juu kapaka jeli nyuma ya jiko, na jeli ile imetengenezwa kusudi: mende aile, asife hapohapo, akafie kwa wenzake, wenzake wamle na wao wafe. Sasa lumbwi wako umemuweka kwenye foleni hiyohiyo. Sisi wa visiwani tuna na la ziada, dawa ya kuua mbu wa malaria. Tangu kampeni ya 2006, nyumba nyingi za Unguja na Pemba zimepuliziwa ukutani, na dawa ya ukutani inatakiwa ibaki na nguvu kwa miezi. Sina ugomvi na kampeni, watoto wamepona. Lakini mende aliyelala kwenye ukuta ule mimi simlishi mnyama wangu.

Wangu nilimtoa kwenye mpera, shambani kwa mjomba, huko Donge. Kijani safi, mkali, akivimba koo kila akimwona paka. Nikamlisha mende wa karoni na alinenepa kweli, nikapiga na picha. Halafu jioni moja nikamkuta anatetemeka miguu, ulimi umetoka unaning'inia, haurudi. Lumbwi ambaye usingizini hauachii ujiti, akaanguka chini mwenyewe. Nikamtia kwenye kikapu nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Mtu mwema, lakini maisha yake yote ni ng'ombe na mbuzi. Alifunua kikapu, akaangalia, akaniuliza huyu anatoa lita ngapi. Nilicheka na yeye, ningefanyaje? Kabla ya alfajiri keshakufa. Na ile ndoo ya mende niliyokuwa nimeweka akiba? Asubuhi nusu yao chali, hakuna aliyewagusa. Hapo ndipo nilipojua nilichokuwa nikimpa.

Aliyenielekeza ni bwana mmoja wa kundi letu la simu, anajiita mtaalamu wa wanyama watambaao kwa sababu aliwahi kuvalishwa chatu shingoni akapigwa picha na watalii. Maneno yake nayakumbuka: "Mende ni mende, chakula cha bure, Mungu kakuletea mlangoni." Nilipompa habari za msiba akajibu eti lumbwi wangu alikuwa na roho nyepesi. Roho nyepesi! Hajafuga hata mjusi wa ukutani, lakini kila wiki anatoa darasa, na watu wanamshukuru kwa vidole gumba. Kama ni yeye aliyekushauri na wewe, mwambie nakuja.

Na tuseme karo lako halina tone la dawa. Bado mende wa chooni huweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na kuna vimelea vya mapafuni, wanavipata hata mijusi kafiri wa majumbani, ambavyo hukulia kwanza ndani ya mende, kisha humwingia mjusi anapomla. Lumbwi ni mjusi vilevile, hata akijipaka rangi.

Basi kanuni yangu ni moja na siibadilishi: lumbwi hali mende yeyote ambaye hakuzaliwa ndani ya chombo chako. Mende wa nje ni mzazi tu, si chakula. Tafuta wachache wenye afya, wale wanaokimbia mpaka unawatukana, uwatoe shamba lisilopigwa dawa, si mjini. Waweke kwenye chombo cha peke yao. Jike atadondosha kidonge cha mayai, kahawia iliyokoza, urefu kama milimita 8, ndani mna mayai 14 hadi 16. Vidonge vihamishie chombo cha pili kisafi, wazazi uwaue. Vitakaa zaidi ya mwezi kabla ya kuangua, na mpaka mtoto awe mkubwa ni miezi 6 hadi mwaka. Ndiyo, ni mbali. Lakini wewe huhitaji wakubwa. Lumbwi apewe wadogo, urefu wao usizidi upana wa kichwa chake. Huku unasubiri, endelea na panzi wa majani ambayo hayajapigwa dawa, na asiposhiba leo atashiba kesho.

Kama una moyo wa kuchimba, mimi siku hizi nafuga mende wa mboleani, yule mdogo mweusimweusi anayekaa chini ya samadi na makumbi yaliyooza. Plastiki laini hapandi, hatoroki ovyo, na majike wake huzaa bila dume, kwa hiyo hapo la dume na jike limekwisha lenyewe. Kasoro yake hujifukia, lumbwi hamwoni. Mtie kwenye bakuli lenye ukuta laini ulining'inize karibu na tawi. Na huyu pia kanuni ni ileile, kwani hupitisha mnyoo wa macho ya kuku: watoto tu ndio chakula.

Zile video za Marekani za mende wa dubia, aina ya kufugwa kwa kulishia wanyama, na vitanda vya umeme vya kuwapasha joto, achana nazo. Wenzetu wanatafuta nyuzi joto 30 kwa pesa, sisi tunazo bure. Kinachotuua sisi ni unyevu. Masika yakiingia, trei za mayai za karatasi wanamojificha mende (zisimamishe wima, kinyesi kidondoke) huota ukungu, na ukungu humaliza watoto wote. Badilisha trei mara kwa mara, mfuniko ukate dirisha kubwa, weka wavu wa chuma. Wa nailoni watautafuna, utawakuta chumbani kwa mama mkwe, na hiyo ni kesi nyingine. Mende wekundu wapakie utepe wa mafuta ya mgando ndani karibu na ukingo, hawavuki. Miguu ya meza itie kwenye vikopo vya maji yenye sabuni, la sivyo sisimizi watafika kabla yako.

Chakula chao pumba za mahindi na vipande vya karoti au boga, vikoshwe sana, maana na mboga za sokoni hupigwa dawa. Maji usiweke kwenye kisahani, watoto watazama. Pamba iliyoloweshwa inatosha. Siku moja kabla ya kuwatoa washibishe vizuri, kisha wapake unga wa kalsiamu: mende anayo kidogo, na lumbwi akiikosa hupinda mifupa. Usinunue kitu, nenda ufukweni uokote mfupa wa dome, yule wa jamii ya ngisi, ukwangue unga wake.

Uliuliza wangapi kwa siku na kuna jambo jingine nimeshalisahau, wengine watakujibu. Lakini hao uliowajaza ndooni usiwarudishe karoni na usiwamwage jaani. Wamwagie maji ya moto, watie kwenye mfuko ufunge, kwani jirani yako ana kuku, na kuku hawaulizi mende katoka wapi.