Kumlea mbwa mkubwa katika nyumba yenye watoto na majirani

Nilipomleta Tomi nyumbani kwetu Isevya, Tabora mjini, alikuwa na umri wa wiki nane na alienea ndani ya kikapu cha sokoni. Ni mbwa wa aina ya German Shepherd, ambao madume yao waliokomaa huwa na kilo 30 hadi 40, na kwa kuwa nilitamani kuuona ukubwa huo upesi, nilifanya kosa ambalo nawaomba wengine wasilirudie. Nilimlisha kila alipoomba, na juu ya uji wake nikanyunyiza unga wa mifupa tuliokuwa tumewanunulia kuku, nikiamini kwamba utamwimarisha miguu.

Alipofikisha miezi mitano alianza kuchechemea mguu wa nyuma. Daktari wa mifugo aliyempima alinieleza kwamba mtoto wa mbwa mkubwa hawezi, kama awezavyo mbwa mzima, kuyazuia madini ya chokaa, kama yale ya unga wa mifupa, yanayozidi katika chakula yasiingie mwilini, hivyo mifupa yake huweza kukua kwa kasoro, na uzito unaokuja haraka huvielemea viungo vya nyonga ambavyo katika aina hii ya mbwa mara nyingi huwa na udhaifu wa kurithi. Tuliuacha unga ule, tukapunguza chakula mpaka mbavu zake zikawa zinapapasika bila shida chini ya ngozi, tukamzuia kupanda na kuruka ngazi za barazani, na baada ya wiki kadhaa akatembea sawasawa. Mbwa wa namna hii huendelea kujenga mwili mpaka karibu mwaka mmoja na nusu, na sijaona faida yoyote ya kumharakisha.

Chakula chenyewe si lazima kiwe cha dukani. Tomi hula ugali wa dona uliochanganywa na dagaa wa Kigoma walioondolewa mchanga vizuri, ambao kwa kuwa huliwa na mifupa yao humpatia chokaa humo humo, na siku nyingine hula mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa yakaiva kabisa. Mapafu mabichi kutoka machinjioni huweza kuwa na vifuko vya minyoo ya tegu, na minyoo hiyo ikishakomaa tumboni mwa mbwa, mayai yake huwafikia watoto wanaocheza naye. Jambo linalosahaulika zaidi ni makombo. Vitunguu, vibichi au vilivyopikwa, huharibu chembechembe nyekundu za damu ya mbwa, kwa hiyo mabaki ya mchuzi na pilau, ambayo kwa wengi wetu ndiyo chakula cha mbwa, kwangu hayamfikii.

Mlo wake nimeugawa mara mbili kwa siku, na baada ya kula hupumzika saa nzima kabla ya kukimbia. Mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na hali ya tumbo kujaa hewa na kujipinda. Ukimwona tumbo limevimba kama ngoma, anajaribu kutapika na hakitoki kitu, usisubiri asubuhi, kwa sababu huweza kufa ndani ya saa chache.

Kilichonifundisha zaidi, hata hivyo, ni mtaa. Mzee mmoja jirani, ambaye hupita mlangoni kwetu akienda kuswali alfajiri, alinisimamisha siku moja baada ya kumwamkia, akasema kwa upole, "Mwanangu, mbwa wako sina ugomvi naye. Ila akinilamba kanzu njiani, siwezi kuswalia mpaka nirudi kuifua, na swala ya jamaa itakuwa imenipita." Nilimwomba radhi, na tangu siku hiyo Tomi hufungiwa bandani kabla ya adhana ya alfajiri. Ana vyombo vyake ambavyo havichanganywi na vya jikoni, na jioni tunapotembea chini ya miembe humshika kwa kamba fupi, ingawa ni mpole, kwa sababu mtoto anayekutana na mbwa aliyemzidi kimo hawezi kuujua upole huo. Simfungi mnyororo mchana kutwa. Nimeona mbwa wanaofungwa hivyo wakigeuka wakali hata kwa wenye nyumba.

Chanjo ya kichaa cha mbwa alipata akiwa na miezi mitatu, na huirudia kila mwaka. Cheti chake nimekiweka pamoja na vyeti vya watoto, na mzee yule nilimwonyesha.

Miezi ya Septemba na Oktoba, joto linapokuwa kali, wapo wanaonishauri nimnyoe manyoya. Simnyoi, kwa kuwa manyoya yake ya tabaka mbili humkinga pia na jua. Namchana yale yaliyokufa, na chungu cha maji hakikauki kivulini. Sasa ana miaka saba, na asubuhi za baridi ya Julai huinuka taratibu kuliko zamani, akianza na miguu ya mbele. Nimemtandikia magunia mawili yaliyojazwa majani makavu ili nyonga zisigusane na sakafu.