Nimefuta picha kwenye simu, mbona na kwenye wingu zimeenda?

SWALI: Kaka habari za kazi. Simu yangu ilijaa mpaka ikagoma kupiga picha, na mimi najua picha zangu zote ziko kwenye wingu basi nikafuta za kwenye simu bila wasiwasi. Kesho yake naingia kwenye kompyuta, hamna kitu! Sasa hilo wingu linatunza nini? Na inakuwaje nafuta huku, kule zinapotea zenyewe peji ikiwa wazi, hata sijaigusa?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Acha kusoma kwanza, kaangalie kwenye tupio. Kama ni Google Photos, picha iliyokuwa imeshapanda kwenye wingu inakaa humo siku 60 ndo ifutike kabisa, za iCloud ni siku 30.

Umezikuta? Haya, tuongee. Wingu haliko angani, ni kompyuta za watu wengine, maelfu kwa maelfu, zimepangwa kwenye majengo makubwa yenye umeme wa akiba na mitambo ya kupooza joto, na wewe umepewa kanafasi kako humo, ka bure au ka kulipia. Kampuni ya Amazon walianza kukodisha hifadhi na seva zao, yaani hizo kompyuta, hivyo mwaka 2006. Kwa kawaida picha yako wanaiweka nakala zaidi ya moja, diski moja ikifa huwezi hata kujua, ila hiyo ni kinga ya diski kufa, sio kinga ya kidole chako mwenyewe.

Hapa ndo wengi wanapigwa chenga. Ulichokuwa nacho sio bakapu, ni kusawazisha, maana yake vifaa vyote vionyeshe kitu kilekile. Ukiongeza huku kinaongezeka kule, ukifuta huku ndo hivyo tena. Bakapu ni nakala iliyokaa pembeni, haijui umefuta nini. Mi nawalaumu kidogo wanaotengeneza hizi programu, onyo wanatoa lakini nani analisoma?

Na hilo la peji, zamani ilikuwa kama gazeti, ikishafunguka imefunguka, ukitaka jipya unafungua upya. JavaScript, lugha ya kuipa peji maagizo, ikaingia kwenye brauza, ile programu ya kufungulia peji, mwaka 1995, na miaka ya mbele peji zikaweza kuomba seva kipande kidogo tu, kimyakimya. Gmail ya 2004 na Google Maps ya 2005 ndo zilifanya watu washtuke. Siku hizi peji nyingi zinabaki zinaongea na seva muda wote, kwa hiyo ulipofuta, simu ikaiambia seva, seva ikaiambia brauza yako iondoe. Njia hiyohiyo ndo inafanya watu watatu waandike dokumenti moja kwa pamoja na hakuna anayebonyeza sevu.

Siku nyingine simu ikijaa, subiri picha zimalize kupanda halafu kama ni Google Photos tafuta kile kitufe cha kuongeza nafasi, kinaondoa za kwenye simu tu. Zile huwezi kuzipiga tena ziweke na kwenye flashi. Ila jaribu na picha moja kwanza, hata ya ukuta, uone imeondoka wapi.